Gari Lililopanda Kinyumenyume

Kwetu tuligawana gari kama watu wanavyogawana mbuzi. Najua inavyosikika. Nikiwasimulia wateja dukani kwangu mjini Arusha, ninakouza vipuri vya magari, kwanza wananitazama usoni kuona kama mimi ni mzima, halafu wanacheka mpaka wengine wanasahau walichofuata, wanaondoka mikono mitupu. Hasara ni yangu. Lakini mdomo wangu haujawahi kuishinda hadithi tamu, na hii ni tamu kweli.

Babu yangu mzaa baba alikuwa dereva wa setla mmoja mwenye shamba la kahawa kwenye miteremko ya Mlima Meru. Setla alipofungasha virago kurudi Uingereza, alimwachia babu gari lake kuukuu, lilelile ambalo babu alikuwa akirudi nalo nyumbani kila jioni. Lilikuwa dogo, wazi juu, lenye taa mbili kubwa kama macho ya mtu aliyeamshwa ghafla, viti viwili mbele, na nyuma kiti kimoja kifinyu cha mtu asiye na makalio. Kiwanda kilicholitengeneza huko kwao kilikuwa kimeshakufa siku nyingi. Jina lake lilikuwa kwenye bati dogo puani mwa gari, nusu limeliwa na kutu, nasi utotoni tulidhani ni jina la Mzungu mwenyewe, kwa hiyo tulikuwa tunalisalimia.

Babu alipofariki, wazee wa ukoo walikaa siku nzima uani kwake, juu ya Ngaramtoni. Mashamba yaligawanywa kabla ya chai. Ng'ombe waligawanywa kabla ya chakula cha mchana. Gari ndilo likawakwamisha: wana wawili wa kiume, gari moja, na kila mzee ana lake la kusema. Ndipo mmoja akatoa hekima ambayo mpaka leo sijui niicheke au niilaani. Mbuzi akichinjwa, alisema, hatugombani. Kuna nyama ya wazee, kuna nyama ya kina mama, kuna nyama ya vijana, na kila mtu analijua fungu lake tangu akiwa mdogo. Sasa gari na mbuzi wana tofauti gani? Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakaagiza spana.

Baba yangu, mtoto wa kiume wa kwanza, alipata kiwiliwili pamoja na injini yake. Baba mdogo alipata miguu, yaani magurudumu yote manne, akayapakia kwa punda hadi kwake Kisongo. Shangazi, ambaye ndiye mkubwa wao wote, alikuwa ameshaolewa, kwa hiyo hakuwa na fungu. Kumpoza tu, wakampa kipande cha chuma kilichopinda mara mbili, kilichoanguka chini wakati wa kukata, ambacho hakuna aliyejua ni nyama ya wapi.

Ilikuwa hendeli. Gari lile halina ufunguo wala swichi. Unachomeka hendeli puani, unaizungusha kwa nguvu zako zote, na Mungu akipenda linawaka. Yaani wanaume waligawana gari zima, wakampa mwanamke kitu cha kuliwashia, wakaenda zao wakijipongeza kwa busara. Shangazi alijua. Alikuwa amemwona baba yake akiizungusha kila asubuhi ya utoto wake. Akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapanda nayo kilima hadi kwake, akawa anachochea nayo kuni jikoni miaka na miaka.

Baba yangu naye alifariki, na kiwiliwili kikabaki bandani kwa mdogo wangu wa kiume, ambaye ni fundi magari na ndiye anayekaa pale kwa babu. Kilikuwa kimefunikwa magunia ya mahindi, na kuku walikuwa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Siku moja nilikwenda kutafuta mayai, nikafuta lile bati kwa kanga yangu, nikalipiga picha, nikaitupia kwenye kundi la wapenda magari ya kale mtandaoni. Nikauliza, jamani, hiki ni kitu gani. Haki ya Mungu nilitegemea kutukanwa.

Haikupita saa. Mzee mmoja wa Uingereza akanijibu kwa Kiingereza cha adabu sana, kile cha kuomba radhi kabla hujakosewa. Alisema yeye ndiye anayetunza orodha ya magari ya kiwanda kile yaliyobaki duniani. Ni machache mno, ukiyapanga yote hayajazi uwanja wa kanisa letu. Gari letu alilijua kwa namba iliyogongwa chini ya bati, na kwenye orodha yake aliliandika kwamba limepotea. Je, liko kamili? Nikamweleza ukweli: kiwiliwili kiko kwa mdogo wangu, miguu iko Kisongo, hendeli iko jikoni kwa shangazi. Siku mbili zikapita. Aliporudi aliuliza kwa upole kama kuna uwezekano wa kuwakutanisha hao ndugu. Nikamwambia sisi hukutana misibani tu.

Nilikuwa natania. Lakini wiki ileile nilipanda kumsalimia shangazi, nikamkuta ameshapata habari, maana kwetu habari hutembea kabla mtu hajavaa viatu. Alikuwa anakunywa loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, na hakuliweka chini bakuli.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nasikia mnataka kuunga mbuzi."

"Tunafikiria tu, shangazi."

"Fikirieni upesi. Hendeli ninayo. Lakini nitapanda mimi kwanza, kutoka getini kwa baba yangu mpaka hapa kwangu. Na iwe kabla sijaenda Mwanza."

Moyo wa shangazi ulikuwa umechoka, na mwanawe mkubwa anayeishi Mwanza alikuwa amekata shauri kumchukua akae naye, karibu na madaktari wake. Tiketi ya ndege ilikuwa tayari, Jumatatu moja, wiki saba mbele. Sote tulijua, na hakuna aliyethubutu kusema, kwamba mama wa umri ule akihamishwa hivyo, akirudi anarudishwa.

Nikamuuliza kwa nini gari lile, wakati anapanda na kushuka kilima hicho kwa pikipiki kama kijana. Akaweka bakuli chini sasa.

Siku ya harusi yake, babu alikuwa amemwahidi kumpeleka kwa mume kwa gari. Ahadi ile ilijulikana mpaka Oldonyo Sambu, wasichana wenzake walikuwa hawalali kwa wivu. Asubuhi babu akachomeka hendeli. Akazungusha. Akavua koti, akazungusha. Akavua shati. Gari kimya. Wakweze wamesimama, jua linapanda, mwisho wazee wakasema bibi harusi hasubiri chuma. Akaondoka kwa miguu, mume mbele, yeye nyuma. Na bibi harusi wa kwetu akishatoka getini hageuki. Akigeuka kutazama nyumbani anakuwa jiwe, ndivyo alivyofunzwa, na mimi nilifunzwa hivyohivyo, ijapokuwa mimi niliolewa kwa basi dogo lenye redio na sikujua hata nyumbani ni upande gani.

"Nikapita kona ya mfereji," alisema shangazi. "Nikapanda kidogo. Ndipo nikalisikia nyuma yangu. Likanguruma. Likakohoa mara tatu, likanyamaza kabisa. Nikasubiri, sikusikia tena kitu. Nami siwezi kugeuka. Nikajua, ah, baba amefanikiwa kuwasha, ameona nimeshaenda, amezima, amerudi kwa wageni wake kunywa."

"Hukumuuliza?"

"Yeye ndiye wa kunieleza, siyo mimi wa kuuliza. Tangu siku hiyo nilimpa shikamoo, akanipa marahaba. Sikumwongezea neno mpaka anakufa. Sasa nataka nipande nijue ningeonaje, basi."

Mnaona? Wengine hununa siku mbili, shangazi alinuna mpaka baba yake akaingia kaburini. Ukoo wetu hauna mali nyingi, lakini kununa tunajua.

Basi nikashuka kilima nikiwa na wazimu. Nilimpigia mdogo wangu simu nikamwambia atoe kuku. Nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo sikulifanya hata nilipojifungua, nikaenda Kisongo kwa baba mdogo kudai miguu.

Miguu ilikuwa imetawanyika. Magurudumu mawili yalikuwa chini ya mkokoteni wa punda unaoteka maji. La tatu lilikuwa limelazwa juu ya kisima kushikilia mfuniko. La nne baba mdogo alilitundika ukutani sebuleni, akaweka picha yake ya ubatizo katikati ya spoku. Ni mzee wa zaidi ya miaka sabini, mpole, lakini ukigusa fungu lake anakuwa simba. Nilimletea magurudumu mengine ya mkokoteni kutoka dukani kwangu, mapya, yenye beringi, punda mwenyewe alionekana kufurahi. Baba mdogo bado anakuna kidevu.

"Miguu ni yangu," akasema. "Popote inapokwenda, na mimi nakwenda."

"Utakaa wapi, baba?"

"Nyuma."

Nikamtazama umbo lake, nikakikumbuka kile kiti, nikasema sawa baba, maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nilikuwa na haraka.

Wiki zile saba sijui nizieleze vipi. Nilikuwa na furaha ya kitoto, naamka nacheka. Mdogo wangu alifungua kila kitu, akakuta kiota cha panya ndani ya rejeta na kijiko cha chai ndani ya injini, ambacho mpaka leo hatujui kilifikaje. Mzee wa Uingereza alituma michoro, picha, maonyo, halafu bahasha yenye gasketi aliyoikata kwa mkono wake, imezungushiwa soksi ya sufu ili isipinde. Kabureta ilichemshwa kwenye sufuria ya mke wa mdogo wangu, na ndoa yao ikayumba kidogo. Tairi za aina ile hazipo tena duniani, kwa hiyo tulichukua za pikipiki kubwa, zikakaa baada ya jasho na maneno ambayo siwezi kuyaandika mbele ya watu wa kanisa letu. Mafundi wenzake walikuja kumsifia, na unajua mgema akisifiwa, siku ile alifunga breki kinyume, gari likawa linasimama ukiachia pedali na kwenda ukikanyaga. Akalifungua tena akiwa mnyenyekevu.

Kitu kimoja tulikipuuza. Tangu tuko wadogo shangazi alikuwa anatuapia kwamba gari la babu, asubuhi likipanda kile kilima kwenda shambani kwa setla, lilitanguliza matako. Linashuka na uso, linapanda na matako, babu amejipinda shingo kama kuku anayekunywa maji. Tulicheka sana. Tulidhani ni chumvi za kikongwe, na yeye mwenyewe alidhani yalikuwa madaha tu ya baba yake.

Jumamosi ikafika, siku mbili kabla ya ndege. Ukoo mzima ulikuwa getini kwa babu, pamoja na majirani na mbuzi wao. Mchungaji alikuja kubariki. Akaomba vizuri, akaja kuziona breki, akaomba tena. Shangazi alishuka kwa pikipiki amevaa shuka jekundu jipya, shanga zake zote, na viatu vya kanisani, hendeli mkononi imesuguliwa kwa majivu mpaka inang'aa. Ng'ombe hazeeki maini, mtu mmoja akasema nyuma yangu. Shangazi akamsikia, akasema asante.

Akapanda kiti cha mbele kando ya mdogo wangu. Baba mdogo, na tai yake, akajikunja kiti cha nyuma, magoti masikioni. Mimi kazi yangu ilikuwa kutembea nyuma ya gari nimebeba jiwe, nilitie chini ya gurudumu likitaka kurudi. Mdogo wangu akaruka chini, akazungusha hendeli mara ya kwanza, ikampiga kiganja. Mara ya pili gari likawaka.

Sijui niseme nini kuhusu mlio ule. Nauza vipuri, nimesikia injini za kila namna zikilalamika, lakini ile ilikuwa inasema pole pole, taka taka taka, na gari zima linatetemeka mpaka shanga za shangazi zikawa zinaitikia. Kina mama wakapiga vigelegele. Mbuzi wakakimbia. Mimi nilikuwa nacheka na machozi yananitoka na jiwe kifuani, na bado hatujatoka hata getini.

Tukapanda vizuri hadi kona ya mfereji, pale daraja dogo linapovuka maji na kilima kinapoanza kukaza. Gari likanguruma. Likakohoa mara tatu, likazima.

Nikatia jiwe. Mdogo wangu akaanza kutukana kabureta kwa sauti ya chini. Shangazi alikuwa amekaa wima, ametoa macho mbele.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini, shangazi?"

"Huo mlio. Rudini getini, muwashe, mje tena. Nataka kuusikia nikiwa kule."

Akashuka. Akapanda kilima kwa miguu, hatua kama thelathini, polepole, mkono kiunoni. Akasimama katikati ya njia, akatugeuzia mgongo. Mchungaji akaniuliza kama mama yuko sawa kichwani. Nikamwambia sijui, lakini tufanye anavyotaka.

Tukaliachia gari likajirudisha lenyewe hadi getini. Likawashwa. Likaja, likanguruma kwenye kona, likakohoa mara tatu, likanyamaza. Kutoka pale niliposimama niliona mgongo wa shangazi tu, lile shuka jekundu, na niliona mabega yakishuka.

"Alinifuata," akasema. Hakupaza sauti, ila kilima kile kinabeba maneno. "Haikuwa uani. Ilikuwa hapa. Baba alinifuata."

"Si ndiyo," akasema baba mdogo kutoka kiti cha nyuma, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama leo ni Jumamosi. "Tulisukuma. Mimi mwenyewe nilisukuma, mtoto mdogo, nikajaa moshi mpaka nikatapika. Lilikataa kabisa."

Shangazi akageuka. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na miaka yote hii hukusema?"

"Hukuuliza, dada."

Nilidhani atampiga na hendeli. Badala yake alishuka akaja kukaa kwenye ukingo wa daraja, akamwambia aseme yote. Baba mdogo akasema. Gari liliwaka shangazi alipokuwa ameshafika konani. Babu akarukia ndani akiwa kifua wazi. Akataka kuligeuza apande kwa rivasi, kama kila siku. Bibi yetu, mke wa babu, akasimama mbele ya gari. Ukimpandisha kinyumenyume, bibi alisema, mtoto atakuwa anatazama nyumbani njia nzima, nawe unajua bibi harusi hatazami nyumbani. Babu akakubali. Akasema basi nitatanguliza uso. Akajua halitapanda, akajaribu tu, na hapa ndipo lilipokufa. Akakaa ndani yake hadi jioni, hataki kushuka, wakamletea chakula humohumo.

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti chini ya gari, akainuka amejipaka mafuta mpaka nyusi. Akasema amepata. Tangi la petroli liko chini ya kiti na gari halina pampu. Petroli inateremka yenyewe kwenda kwenye injini kama maji ya mfereji. Gari likiinua pua kwenye kilima kikali, injini inakuwa juu ya tangi, na maji hayapandi mfereji. Ukiligeuza, tangi linakuwa juu. Babu hakuwa na madaha yoyote.

Shangazi alicheka. Alianza taratibu, halafu akacheka mpaka akashika ubavu, na katikati ya kicheko akawa analia, na hakujaribu kuficha hata kimoja. "Gari lisilopanda ila kwa kutazama nyuma," akasema, "na bibi harusi asiyetazama nyuma. Na mzee wa watu akaahidi. Mjinga yeye, mjinga mimi." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Geuza gari."

"Utakuwa unatazama nyumbani, dada," akasema baba mdogo, na hakuwa anatania.

"Ndiyo. Nikiwa jiwe mniweke hapa darajani, watu wafulie nguo."

Tukaligeuza kwa mikono, wanaume sita na mchungaji. Likawashwa. Mdogo wangu akajipinda shingo kama kuku anayekunywa maji, na gari la babu likaanza kupanda, matako mbele, bila kukohoa, taka taka taka, kama lililokumbuka adabu yake. Baba mdogo sasa ndiye aliyetangulia kufika, akipiga kelele za njia kwa kuku na watoto. Mimi nilikuwa nafuata upande wa pua na jiwe langu, kwa hiyo mimi na shangazi tulikuwa tunatazamana.

Ila hakuwa ananiona. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, chini, getini kwa baba yake, ambapo watu waliobaki walikuwa wanapunga mikono, na nyuma yao uani kaburi la babu lenye vigae vyeupe. Akaangalia muda. Halafu akainua mkono.

"Shikamoo baba," akasema.

Nikadhani ameishia hapo, kama alivyoishia miaka yote. Akaongeza neno. Akamwambia alifika salama siku ile. Akamwambia mume alikuwa mtu mzuri ila mlevi wa sikukuu. Akamtajia watoto saba, mmoja mmoja kwa mpangilio, na yule aliyefariki mdogo akamtaja pia. Akamweleza ng'ombe wa kwanza aliyemnunua, paa la bati, ile mvua iliyobeba migomba, wajukuu waliosoma. Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya gari. Mimi nilitembea kilima chote nikisikiliza habari za miaka sitini, na jiwe likanitoka mikononi sijui wapi, na gari halikulihitaji.

Tulipofika kwake bado alikuwa hajamaliza. Mdogo wangu hakuzima injini mpaka alipomaliza.

Jioni nilimtumia mzee wa Uingereza video. Akajibu kwamba amelitoa gari letu kwenye yaliyopotea, na kwamba ameiangalia video mara tisa na ana swali moja la kiufundi: kwa nini abiria anazungumza na barabara. Nikamwambia nitamwandikia barua ndefu.

Jumatatu tulimsindikiza uwanja wa ndege pale Kisongo, yeye na mwanawe aliyekuja kumchukua. Kulitokea purukushani kwenye ukaguzi, maana shangazi alikuwa ameweka hendeli kwenye mkoba wake. Askari akaitoa, akaigeuzageuza, akauliza ni nini. "Fungu langu," shangazi akasema. Askari akamwambia haiwezi kuingia kwenye ndege. Shangazi akabishana naye kwa heshima dakika tano, kisha akaniita, akaniwekea mkononi.

"Kaa nayo wewe. Usiwape hao wanaume, wataigawana."

Nikamkumbatia. Akaenda. Tukakimbilia kwenye uzio, mimi, mdogo wangu na baba mdogo na tai yake, tukamwona akivuka lami kwa miguu, mwanawe mbele, yeye nyuma, mgongo umenyooka. Hakugeuka. Baba mdogo akanong'ona kwamba tabia haina dawa.

Akapanda ngazi, kipago kwa kipago. Juu kabisa, mlangoni, akasimama. Akageuka mwili mzima, akashika reli kwa mikono miwili, akatutazama, kisha akautazama mlima. Dada wa ndege alimgusa kiwiko. Hakusogea, na watu waliokuwa nyuma yake kwenye ngazi wakasubiri.